Mwaka Nilipoufungia Ukungu Dirisha

Fundi aliyenijengea bafu hapa Muleba aliniona mkorofi tangu siku ya pili. Aliniuliza dirisha liwe na ukubwa gani, nikatanua mikono kama mvuvi anayesimulia sangara aliyemponyoka, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mama, hilo si dirisha la bafu, hiyo ni baraza. Watu watakuona." Nikamwambia nina miaka sitini na ushee, anayetaka kunichungulia na achungulie, atajuta mwenyewe. Dirisha likawa kubwa. Binti yangu, ambaye ndiye aliyeamua kwamba mama yake sasa aoge kwa bomba la mvua kama watu wa mjini, akanipigia simu kutoka Mwanza kuuliza ni kweli fundi anavyosema, kwamba naogopa hewa kuisha. Nikamjibu kwamba mvua inanyesha na simsikii vizuri. Haikuwa inanyesha. Ila kuna mambo hayaelezeki kwenye simu, na hili linaanzia kwenye neno moja la Kiswahili ambalo nililijua nusu tu, na nusu niliyoijua haikuwa ile iliyotakiwa.

Wiki mbili baada ya vigae kukauka, Amin, ambaye sikuwa nimesikia sauti wala maandishi yake kwa karibu miaka arobaini, aliniandikia kutoka Kanada. Namba yangu aliipata kwa fundi cherehani wa mtaa wetu wa zamani kule Bukoba. "Dada Koku, pole na shughuli. Mama ametutoka Ijumaa. Tumemzika huku huku." Mama yake ni Kulsumbai, mwenye nyumba wangu wa mwaka ule. Nilikuwa nimesimama bafuni nikilitazama dirisha langu, nikajikuta nimeketi juu ya kifuniko cha choo kipya, mahali pa ajabu pa kupokelea msiba. Ujumbe ulikuwa mrefu. Sehemu ya pili nitaiweka mwisho, kwa kuwa bila mwaka wenyewe haina maana kwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na ndoa ya wiki tano. Mume wangu Deo alikuwa bwana shamba, na serikali ikaona wakati mzuri wa kumpeleka Morogoro kusoma mwaka mzima ni pale ambapo mkewe alikuwa bado anapotea akitafuta alipoweka chumvi. Akanipangishia chumba cha nyuma katika nyumba ya Kulsumbai, mtaa wa tatu kutoka sokoni Bukoba, akaniachia mashine ya kufumia sweta, akaondoka na meli. Nyumba ilikuwa ya zamani: mbele duka, katikati sebule yenye saa kubwa iliyopiga saa ilizotaka yenyewe, nyuma ua wa sakafu ya simenti na vyumba viwili, changu na cha mikungu ya ndizi na mitungi. Bafu lilikuwa moja, letu sote wawili. Wenzangu wa rika langu Jumapili walishuka ufukweni kutazama ziwa na kutazamwa. Mimi ni mtu wa ndani. Ziwa nililiona siku Deo alipopanda meli, nikaona linatosha. Nilifuma sweta za shule za bluu kuanzia asubuhi, na mchana nikamenya ndizi. Hapo ndipo upweke ulipokuwa unanikamata, kwenye kumenya. Ndizi hazijui kupikwa za mtu mmoja. Ukimenya tatu unaona aibu, ukimenya kumi unakula kiporo mpaka kesho kutwa, na kwetu mtu akikukuta unakula kiporo peke yako anakuuliza nani amekufa.

Kulsumbai alikuwa mjane wa karibu miaka hamsini, mfupi, mwembamba, mwenye kifua kilichopiga filimbi kila alipopanda ngazi tatu za dukani. Ndugu zake wengi walishahama, maduka ya jirani yalishabadilisha majina, yeye alibaki akifungua ubao mmoja tu wa mlango na kuuza sindano, nyuzi na vifungo. Alizaliwa Bukoba. Kihaya chake kilikuwa cha sokoni, cha kubishania mkungu wa ndizi mpaka muuzaji akasema "Mawe!", yaani mama yangu wee, akauachia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ingawa wakati ule ungeniambia hivyo ningekucheka, kwa kuwa mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Siku niliyoingia alinitembeza nyumba nzima kwa dakika mbili, kisha akasimama mlangoni mwa bafu kwa dakika kumi. "Koku, sikia. Humu nina adui mmoja tu: ukungu. Marehemu alipigana nao mpaka anakufa. Ukishaingia, kuutoa ni kazi. Na mimi kifua changu hakiuwezi. Basi tusaidiane kuuzuia." Nikasema, "Ndiyo, mama," kwa heshima zote. Angesema kwa Kihaya ningeelewa. Angesema kwa Kiingereza ningejifanya nimeelewa, halafu ningeuliza watu. Lakini alisema kwa Kiswahili, na mimi ukungu niliujua: ni ule mweupe unaopanda kutoka ziwani alfajiri, niliouandika katika insha zote za shule nilizotakiwa kueleza asubuhi yenye baridi. Niliusifu sana ukungu katika insha zile.

Kwa hiyo nikaufungia dirisha. Lilikuwa dirisha la luva, vioo vya kulala, na mkono wake ulikuwa mgumu, lakini nilikuwa na nguvu za mwali asiye na kazi. Masika yalipoanza na ukungu ukawa unakaa mjini mpaka saa tatu asubuhi, nikaona luva zina nafasi kati yao, nikaziziba kwa mabaki ya sufu ya sweta, moja moja, kwa ncha ya sindano ya kufumia. Niliamka mapema kuhakikisha hakuna kilichopenya. Namkumbuka yule msichana amesimama bafuni na khanga, anakagua dirisha kama mlinzi wa benki, na natamani nimpige kofi na nimkumbatie. Kulsumbai alioga maji ya moto kila asubuhi kwa ajili ya kifua chake, mvuke ukajaa, ukakosa pa kutokea, ukatiririka ukutani. Mimi niliona maji yale nikasema: bila mimi hali ingekuwa mbaya zaidi.

Mwezi wa nne vikaja vidoti vyeusi, kwanza kwenye simenti kati ya vigae, kama mtu amekung'uta kalamu ya wino, kisha kwenye mikunjo ya pazia la plastiki, kisha darini, juu ya ubao, madoa yenye manyoya. Nikasugua kwa sabuni. Yakarudi. Nikaziba zaidi. Na ukutani mwa chumba changu, ambao ulikuwa pia ukuta wa sebule, nikaanza kusikia kikohozi. Mwanzo kilikuwa cha kusafisha koo. Baadaye kikawa kirefu, kinapumzika, kinarudi kuanza pale kilipoishia. Jumapili simu ya sebuleni ilikuwa inalia, na hiyo ilikuwa ni Amin. Waliongea lugha ya kwao, nikaokota maneno mawili matatu yaliyovaa Kiswahili: daktari, kifua, sitaki. Lile sitaki lilirudiwa sana. Jumapili moja alitoka uani amejifunga mtandio, akaketi kwenye kigoda changu na kunitazama nikifuma mkono wa sweta. "Amin anakuja mwezi wa nane," akasema. "Daktari amemwambia nyumba hii inaniua. Akinikuta bado napiga filimbi hivi, ananichukua." Nikauliza anampeleka wapi. "Kwenye theluji, mwanangu. Nikakae ghorofa ya kumi na moja nimsubiri arudi kutoka kazini." Akachukua sufu akaninyooshea uzi uliojisokota. Siku ile tulikula pamoja kwa mara ya kwanza, ndizi zangu kumi na mchuzi wake wa samaki, na hazikubaki. Nikahesabu akiondoka yeye nitabaki na nani. Ilikuwa hesabu fupi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano akaniita kutoka bafuni. "Koku! Njoo uone ukungu huu!"

Nikaja mbio na sufu mkononi, nikampita, nikaenda dirishani nikaanza kukagua luva. "Haujaingia, mama. Nimeziba mpaka juu."

"Umeziba nini?"

"Dirisha. Ukungu uko kule nje, si unauona?" Nikamwonyesha kupitia kioo ule weupe uliokuwa umemeza paa la jirani.

Alinitazama mimi, akatazama dirisha. Akavuta kipande cha sufu ya bluu, kikatoka, kikaendelea kutoka, kirefu kama utumbo wa kuku. Kisha akaweka kidole ukutani. "Mwana wange. Hiki hapa cheusi kinaitwaje?"

"Uchafu, mama."

"Huu ndio ukungu."

Kichwani nilikuwa nazipitia insha zangu zote.

"Mtihani wa kidato cha nne," akasema taratibu, "Kiswahili ulipata nini?"

"C, mama."

"Walikupendelea."

Tukacheka. Tulicheka mpaka nikashika ukuta, mkono wangu ukarudi mweusi, tukacheka tena. Halafu kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Nilimshika mgongo, nikasikia mbavu zake zikifanya kazi chini ya kiganja changu, nikasubiri pumzi ifuate, na ilichelewa. Ndipo nilipoelewa kwamba miezi mitatu mizima nilikuwa namfungia mle ndani adui yake, kila siku asubuhi na mapema, kwa bidii.

Alipotulia nikamuuliza, kwa hasira ya mtu mwenye kosa, kwa nini basi hakulifungua dirisha mwenyewe. Akaona haya. "Nilidhani wewe ndiye unaona haya," akasema. "Bibi harusi wa juzi, mume hayupo, dirisha linatazama uani kwa majirani. Nikasema nivumilie, mtoto wa watu asije akahama." Nilitoka nikaenda kukaa chumbani kwangu peke yangu. Mimi nilikuwa nafunga nimwokoe, yeye anakohoa nisihame, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo, kwa adabu. Mpaka leo nikiona watu wanaheshimiana sana ndani ya nyumba moja, huwa naangalia dari.

Vita vikaanza, na kama kawaida yangu nikaanza kwa kukosea. Nilinunua siki, nikanunua klorini, nikazimimina ndoo moja, kwani dawa mbili lazima zishinde moja. Sikujua kwamba zikikutana hutoa hewa ya sumu. Macho yakawaka, koo likafunga, nikamvuta Kulsumbai mkono tukatokea uani kwenye mvua, tukaketi kwenye kigoda kimoja tukilia machozi kama wafiwa. Alipopata sauti akasema, "Ukungu umeshindwa kuniua, sasa Koku anamalizia." Tangu siku hiyo ikawa dawa moja tu, na ikawa siki. Klorini akampa fundi cherehani akafulie mashuka, na Kulsumbai mwenyewe akapigwa marufuku kukaribia bafu wakati nasugua. Alikaa sebuleni akitoa amri kwa sauti.

Siki haipendi haraka. Unaipaka ikiwa kali, bila kuichanganya na maji, juu ya simenti kati ya vigae, unaiacha. Mimi niliiacha muda wa kufuma mkono mmoja wa sweta ya darasa la tatu. Harufu ilikuwa kama kachumbari iliyokasirika. Kisha nikasugua kwa mswaki wa zamani, mstari baada ya mstari, nikasuuza, nikafuta mpaka kukauka, na kesho nikarudia, kwani kesho ulikuwa unarudi, ila umefifia. Pazia la plastiki tulilitupa. Lilikuwa limeshahamia upande wa adui. Ubao wa dari fundi aliutoa kwa sababu juu yake bati lilivuja, na tusingemaliza kwa siki ya dunia nzima kama chanzo cha maji kinabaki. Bomba lililokuwa likidondosha tone tone, ambalo kwa miezi nilikuwa nalisikiliza kama rafiki, likabadilishwa mpira. Dari mpya nilipaka rangi ya mafuta mwenyewe, nikiwa juu ya kigoda, kwani mimi ni mrefu na yeye hafiki hata akisimama juu ya kigoda na sala. Luva zikafunguliwa. Nikashona pazia la kitambaa la nusu dirisha, nisione haya niliyokuwa sina.

Lakini silaha yenyewe ilikuwa tambara. Alipigilia msumari ukutani, akatundika tambara, akatoa sheria: anayeoga anafuta. Kuta, sakafu, bomba, kila siku, kabla ya kujifuta mwenyewe vizuri. Na kwa kuwa hakuniamini, kila nilipofungua komeo sauti ilitoka sebuleni: "Umefuta?" Nami najibu, "Nimefuta!" Akitoka yeye, ninaacha mashine, nauliza kwa nguvu mpaka majirani wanasikia: "Umefuta?" "Nimefuta, waitu!" anaitika kwa Kihaya cha heshima na unyenyekevu wa uongo, kama mtoto mbele ya mwalimu. Labda mtu mwenye nyumba iliyojaa watu hawezi kuelewa. Kulikuwa na siku ambazo hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza, na mtu aliyetaka kujua kama nimefanya jambo fulani au sijafanya alikuwa yule mmoja tu duniani. Barua za Deo zilikuja baada ya wiki tatu, zikiuliza habari za wiki tatu nyuma. "Umefuta?" ilikuja papo hapo.

Kufikia mwezi wa saba alipanda ngazi tatu za dukani bila filimbi. Amin alikuja mwezi wa nane kama alivyoahidi, kijana mrefu mwenye viatu vyeupe, na kabla hata ya chai akaingia bafuni na tochi. Sisi wawili tulisimama uani tumeshikana mikono kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Alimulika kona, alimulika nyuma ya bomba, alinusa. Alitoka akakubali kwa kichwa, mama yake akanifinya mkono kwa kucha. Siku mbili baadaye alinikuta nikimenya ndizi, akachuchumaa na viatu vyake vile. "Dada Koku, kifua ni afadhali, nimesikia mwenyewe. Lakini niambie kweli. Ninaweza kumwacha hapa peke yake?"

Nikamjibu, "Hayuko peke yake. Niko mimi."

Nilijua Deo anamaliza mwezi wa kumi na mbili. Nilijua. Barua yake ilikuwa chini ya mto wangu, ikisema anaomba kupangiwa Muleba. Amin alinishukuru mara mbili, akaenda kubadilisha tiketi, akarudi Kanada bila mama yake.

Miezi iliyobaki ndiyo ninayoipenda na kuionea aibu kuliko yote. Senene zilipokuja mwezi wa kumi na moja, tulizikaanga tukafunga mlango wa jikoni, kwa sababu bibi zetu walikatazwa kuzila, waume ndio waliokula, na Kulsumbai alisema mwanamke aliyeshinda ukungu ana haki yake. Nilimweleza habari za Muleba siku ile, nikiwa nazitoa mabawa, bila kuinua macho. Aliendelea kutoa mabawa. "Mume ni mume," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Ila dari nani atafuta? Mimi sifiki." Nikacheka, nikidhani ananitania kama siku zote. Nilimwachia kigoda changu. Niliondoka mwezi wa kwanza, naye akasimama kwenye ule ubao mmoja wa mlango mpaka gari likapinda.

Nilisema nitakuja kila mwezi. Mtu wa ndani akisema hivyo, msimwamini. Nilikwenda mara moja tu, mwezi wa tatu. Alinipikia, akanipa vifungo vya sweta, na nilipotoka bafuni aliuliza, nikajibu, ila sikuinua macho darini, kwani gari la mwisho lilikuwa linaondoka. Masika yale kifua kilirudi. Mwezi wa sita Amin alikuja, safari hii na tiketi mbili. Habari nilizipata kwa fundi cherehani, nilipomwagiza zipu.

Nusu ya pili ya ujumbe wa Amin ni hii, nimeinakili kama ilivyo. "Huku bafuni mama aliweka msumari na tambara. Theluji nje, yeye anafungua dirisha, mke wangu analalamika. Kila mtu akitoka kuoga mama anapiga kelele, Umefuta? Wajukuu hawajui Kiswahili, lakini wote wanajibu, Nimefuta. Mdogo alikuwa anadhani ni salamu. Juzi baada ya maziko katoka bafuni akasema Nimefuta, na hakuna aliyemuuliza. Tukalia wote. Nikakukumbuka wewe. Hakukulaumu hata siku moja, dada."

Asingeliandika lile neno la mwisho ningelala vizuri zaidi.

Deo alifariki, huu ni mwaka wa nne sasa, binti yuko Mwanza, na mimi bado mtu wa ndani, katika nyumba ambayo ndani yake yote ni yangu. Leo asubuhi nimeoga kwa bomba langu la mvua. Nimechukua tambara msumarini nikafuta vigae, nikafuta bomba, nikapanda kigoda, kwa magoti yangu haya, nikafuta dari. Nikafungua komeo. Nikasimama pale mlangoni na maji yakinidondoka masikioni, muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mwanamke mwenye akili timamu. Kisha nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba nimefuta. Nyuma yangu dirisha lilikuwa wazi lote, na ule mwingine, ule mweupe wa insha zangu, ulikuwa umepanda kutoka bondeni na unaingia ndani taratibu, bila hodi. Sikuufungia.